Mpigo wa moyo wa Etheneti

Ukipiga ping 127.0.0.1 na ikajibu, usishangilie mapema. Pakiti hizo hazifiki hata kwenye kadi ya mtandao, zinazunguka ndani ya programu tu. Basi utajuaje kama kifaa chenyewe ni kizima? Swali hili ni la zamani.

Mwaka 1973 Robert Metcalfe na David Boggs walianza kuunda Etheneti pale Xerox PARC, California. Kompyuta zote zilitumia kebo moja. Mbili zikituma kwa pamoja, panatokea mgongano, kila moja inanyamaza na kujaribu tena baadaye. Mwaka 1980 DEC, Intel na Xerox walitoa kiwango cha megabiti 10 kwa sekunde. Hapo kazi ya kutambua mgongano ilikuwa ya transiva, kisanduku kilichobanwa kwenye kebo nene, hata mita 50 kutoka kwa kompyuta.

Kujaribu data kulikuwa rahisi: kebo ni moja, kwa hiyo ulichotuma ulikisikia. Tatizo ni sakiti ya mgongano. Kusipokuwa na mgongano, iko kimya. Ikiharibika, iko kimya vilevile! Kompyuta ingeendelea kuvuruga wenzake ikidhani mambo ni shwari.

Dawa ilikuja na toleo la pili, mwaka 1982. Kila baada ya kutuma fremu, transiva ilipeleka ishara fupi kwa kompyuta kupitia nyaya zilezile za mgongano. Mafundi wakaiita mpigo wa moyo. IEEE wakaiita jaribio la SQE. Lakini ripita ziliuona mpigo huo kama mgongano wa kweli, kwa hiyo kwa ripita ilibidi uzimwe.

Mwaka 1990 ikaja 10BASE-T, nyaya za kutuma na za kupokea zikatengana. Sasa transiva ilibidi irudishe data yenyewe, ili kompyuta ione kama bado iko kwenye kebo ya zamani. Mwaka 1995 kiwango cha megabiti 100 kikaweka jaribio hili kwenye rejista 0, biti 14: iwashe, na data inageuzwa ndani ya chipu. Biti hiyo ipo hadi leo.

Ila nyani haoni kundule. Data ikigeukia ndani ya chipu, transfoma, soketi na kebo hazijaguswa. Ndiyo maana mafundi hutengeneza plagi ya kurudisha ishara: pini 1 kwa 3, na 2 kwa 6. Kwa hiyo ukiambiwa jaribio limepita, uliza kwanza: ishara iligeukia wapi?