Ufunguo wa Ghala la Ziwani

Babu yangu alikuwa polisi Zanzibar. Sisemi Tanzania, nasema Zanzibar, kabla hawajaoana na Tanganyika. Alikuwa mtu wa Machakos, mkimya, viatu vyake viking'aa hata akienda shambani. Kila msimu wa uchaguzi wajomba zangu walikuwa wakibishana mezani kuhusu nani ana kura ngapi, nani ana kabila kubwa. Babu alingoja wanyamaze, kisha akauliza swali moja tu: "Na ufunguo wa ghala la bunduki uko na nani?"

Tulidhani ni uzee.

Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea historia. Muhula uliofuata karo ilikosekana, nikatoka, na bado sijarudi. Siku hizi naandika chochote kinacholipa, leo tangazo la sabuni, kesho hotuba ya harusi ya mtu nisiyemjua. Disemba iliyopita nyanya alifungua sanduku la bati akanipa bahasha. "Shika, wewe ndiye wa historia," akasema, kana kwamba sikuwahi kuacha shule. Ndani mlikuwa na karatasi ya kuachishwa kazi ya mwaka 1963, na orodha ya vitu alivyorudisha. Kofia. Mshipi. Filimbi. Bunduki moja.

Nimekaa na hiyo orodha miezi kadhaa. Hiki ndicho nilichokuja kuelewa.

Leo ukisikia Zanzibar unafikiria karafuu, fukwe na picha za fungate. Karne ya 19 ungefikiria pia bunduki. Miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha, yakiacha bunduki za kushindiliwa mdomoni na kuchukua zile za kujazwa risasi kwa nyuma. Mamia ya maelfu ya bunduki kuukuu yakabaki bila kazi, na mfanyabiashara hatupi kitu. Zilipakiwa melini zikashushwa Unguja, kisha misafara ikazibeba bara pamoja na vitambaa na shanga, na kurudi na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Tippu Tip mwenyewe alieleza kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake. Mwaka 1888, balozi wa Uingereza pale Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Ndipo sheria ikaja, na ilikuja na maneno mazuri. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulisema unataka kukomesha biashara ya watumwa, na kwamba njia mojawapo ni kuzuia bunduki. Ukachora ramani: kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka pwani. Bunduki za kisasa zikawekwa kwenye maghala ya serikali, zitoke kwa kibali tu. Gobori la zamani na baruti ya kawaida viliruhusiwa kuuzwa baadhi ya sehemu.

Usinielewe vibaya. Bunduki zile ziliharibu vijiji vingi, na kuzizuia halikuwa jambo baya. Lakini angalia mwaka. 1890 ndio mwaka Zanzibar yenyewe ilifanywa nchi lindwa ya Uingereza, na Wazungu walikuwa wanagawana bara wakiwa na bunduki za Maxim. Mkataba ulimpokonya Mwafrika bunduki nzuri, na hapohapo ukamwachia mtawala zake zote. Miaka sita baadaye watu wa Unguja walionyeshwa maana yake. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alikataa kutoka ikulu baada ya kujitawaza bila ruhusa ya Waingereza. Manowari zikafyatua mizinga, na vita vikaisha hata saa moja haijafika. Jumba likawa kifusi. Sultani aliyefuata alichaguliwa na wenye mizinga.

Tangu hapo bunduki visiwani zilikuwa mali ya dola. Raia wa kawaida alikuwa na panga la shambani, na kama ni mvuvi, kisu na chusa. Uchaguzi wa Juni 1961 ulipozua fujo, watu 68 waliuawa, wengi kwa mapanga na marungu, na ikabidi askari waletwe kutoka bara kutuliza. Ukiwa waziri wa mambo ya ndani ungedhani mambo si mabaya sana. Wananchi hawana bunduki, na chache zilizopo zimefungiwa kwenye maghala ya polisi, hasa Ziwani na Mtoni. Jeshi nalo hakuna.

Hapo ndipo babu anapoingia.

Waingereza walikuwa na desturi ya kuajiri polisi wa Zanzibar kutoka bara: Tanganyika, Nyasaland, Kenya. Mgeni hana shangazi mtaani, kwa hiyo atapiga akiambiwa apige. Serikali ya ZNP na ZPPP ilipokaribia kupokea uhuru, iliwatazama watu hao na haikuwaamini. Iliona ni wa bara, na wa bara ni wa Afro-Shirazi. Ikaanza kuwaachisha kazi. Babu alipewa nauli, akapanda meli hadi Mombasa, akarudi kwao kulima. Wengi hawakuondoka. Walibaki Ng'ambo bila mshahara, bila sare, bila kofia wala filimbi. Kitu kimoja hawakunyang'anywa, kwa sababu hakirudishiki: walijua ghala liko wapi, linafungwaje, na zamu ya usiku ina askari wangapi.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baadaye, mamia ya watu walivamia Ziwani na Mtoni. Walikuwa na mapanga, mikuki, pinde, na marungu. Mmoja wa waliowaongoza alikuwa John Okello, kijana kutoka Uganda aliyewahi kuhangaikia vibarua hapa Kenya kabla ya kuvuka kwenda Pemba. Walimzidi nguvu mlinzi, wakavunja ghala, wakagawana bunduki. Kulipopambazuka, nchi ilikuwa imebadilisha mikono. Kituo cha polisi cha Malindi kilijitahidi kidogo, lakini dola lilikuwa limeshaondoka na zile bunduki.

Sultani Jamshid alipanda jahazi lake la kifalme akaelekea Mombasa. Kenya ikamkatalia kushuka. Fikiria hilo: hadi mwezi mmoja nyuma Mombasa ilikuwa, kwenye karatasi, sehemu ya ukanda wa pwani wa milki yake.

Kilichofuata si hadithi ya kushangilia tu. Maelfu ya watu waliuawa siku zile, wengi wao Waarabu, na idadi kamili inabishaniwa mpaka leo. Babu alisikia sauti ya Okello redioni akiwa Machakos, ikitoa amri na vitisho. Nyanya anasema alizima redio akaenda kukata kuni, na kuni zenyewe zilikuwepo.

Sasa tazama serikali mpya ilifanya nini. Mapinduzi yaliyoletwa na bunduki za kuvunjiwa ghala hayakuvumilia bunduki mitaani. Karume alianza kuzikusanya kutoka kwa wafuasi wa Okello. Kufikia Machi 1964 Okello mwenyewe alikataliwa kuingia tena kisiwani. Mtu aliyejiita Field Marshal alibaki bila kikosi kwa sababu alikuwa ameshapokonywa silaha.

Na moto haukubaki ng'ambo ya maji. Nyerere alikuwa ametuma polisi wake Zanzibar kusaidia kuweka utulivu. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika wakaasi kambini Colito. Uganda wakafuata. Tarehe 24 Januari wakaasi askari wetu wenyewe, Lanet, hapo karibu na Nakuru. Wiki mbili tu, na serikali zote za ukanda huu zikagundua zilikuwa zinalalia juu ya ghala. Aprili 26 Zanzibar na Tanganyika zikaungana, na tangu hapo polisi, ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano.

Je, kisiwa kilipona? Karume alipigwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, makao ya chama chake. Aliyeongoza shambulizi, Humud Mohammed, alikuwa luteni wa jeshi. Bunduki haikutoka mtaani.

Halafu Januari 2001. Wafuasi wa CUF waliandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi urudiwe. Polisi wakafyatua risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliokufa kuwa wasiopungua 35, na zaidi ya 600 wakajeruhiwa. Watu wapatao 2,000 walikimbia, wengine kwa mashua kutoka Pemba, wakafika Shimoni, Kwale. Sisi Kenya ndio tuliwapokea. Wale waandamanaji hawakuwa na bunduki hata moja. Kwa kipimo cha mkataba wa Brussels, udhibiti wa silaha ulikuwa umefaulu kabisa.

Mnaona ninakoelekea. Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa mjini Nairobi na chupa ya maji na bendera, kama wengi wenu mnaosoma hapa. Milio ilipoanza kule Bunge mwanzoni nilidhani ni vitoa machozi. Kulikuwa na mvulana aliyelala barabarani na hakuna aliyemwambia ainuke. Nilipofika keja usiku, viatu sijui viko wapi, nilikumbuka swali la babu kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Tukizungumzia sheria za bunduki hapa kwetu huwa tunamzungumzia raia: nani ana leseni, nani anatamba na bastola kwenye kilabu, nani analeta bunduki kutoka mpakani. Ni mambo ya kuzungumzia. Ila mzee aliyewahi kusimama zamu kisiwani alijua sehemu ya pili ya swali, kwamba kufungia bunduki zote ndani ya nyumba moja hakumalizi kazi. Lazima ujue nani analinda mlango, anamtii nani, na siku akipiga mtu asiye na silaha, atamjibu nani.

Nilimuuliza nyanya kwa nini babu alihifadhi ile orodha miaka sitini. Vyeti vyake vingine vyote vililiwa na mchwa.

"Alisema ni ushahidi," akanijibu.

"Wa nini?"

"Kwamba yake aliirudisha."