Chanzo cha Mitetemo ya Mistari ya Uga wa Sumaku Upande wa Usiku: Historia ya Hoja na Nafasi ya Katavi

Insha hii inafuatilia namna wataalamu walivyoeleza chanzo cha mitetemo ya uga wa sumaku wa dunia wakati wa usiku, na inashikilia kwamba Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ina nafasi ya pekee katika kupima hoja zao. Mwaka 1859 Balfour Stewart alirekodi mitikisiko hiyo huko Kew, Uingereza, wakati wa dhoruba kubwa ya sumaku. Mwaka 1942 Hannes Alfvén alionesha kuwa, ndani ya plazima, mstari wa uga hubeba mawimbi mithili ya uzi uliokazwa. Mwaka 1954 James Dungey alieleza jinsi mistari hiyo inavyotetema kwa vipindi vyake yenyewe.

Mchana, aghalabu mtikisaji ni upepo wa jua. Usiku, nishati hulimbikizwa katika mkia wa magnetosfia, kisha huachiliwa ghafla. Plazima hurejea kwa kasi kuelekea dunia na kuitikisa mistari. Mtetemo huo, uitwao Pi2, huwa na kipindi cha sekunde 40 hadi 150.

Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia. Mstari unaoanzia Mpanda hupanda kilomita mia chache tu, wala haufiki mkiani. Kwa hiyo Pi2 inayopimwa katika latitudo hiyo haikushuka kwa mstari huo. Kwa sehemu kubwa ni wimbi lililokatiza mistari. Mpanda na Dar es Salaam, ambako mtandao wa MAGDAS wa Japani uliweka magnetomita, zinakaribiana kwa latitudo na kutofautiana takriban digrii 8 za longitudo. Vipimo vya jozi hiyo vingeonesha wimbi lilielekea wapi.