Kucheza kwa mtoto tumboni

Hapa kwetu Butembo na Beni, kabla ya materniti na mashine, nani alijua kama mtoto wa tumboni ni mzima? Ni mama mwenyewe. Alimsikia akicheza, shambani na usiku kitandani.

Ujuzi huo wazungu pia waliufuata. Mwaka 1895 Mfaransa Adolphe Pinard alitengeneza chombo cha mti, mfano wa tarumbeta, cha kusikilizia moyo wa mtoto. Mwaka 1976, kule Cardiff, Pearson na Weaver waliwapa wamama karatasi ya kuhesabu: mtoto acheze mara 10 katika saa 12. Leo madaktari wanasema kila mtoto ana desturi yake. Ikibadilika, ndiyo alama ya hatari.

Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, wamama wengi kwetu waliogopa hospitali. Hapo tulielewa kwamba kusikia peke yake haitoshi. Mtoto akipunguza kucheza, tusiseme “anapumzika juu siku zimekaribia.” Hapana! Mama aende materniti siku ile ile. Na sisi wanaume tutafute pikipiki kwanza, maneno ya pesa baadaye.