Makabila 42? Nani alihesabu?

Kila kampeni lazima usikie "makabila 42 ya Kenya". Sasa, nani alihesabu?

Enzi za mkoloni, Wamakonde walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Pwani. Wajukuu wao wakazaliwa Kwale, wengi bila kitambulisho. Na bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti, hupigi kura.

Oktoba 2016 wakaanza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Serikali ikawatambua: kabila la 43.

Lugha yao haikubadilika siku hiyo, wala ngoma zao. Kilichobadilika ni muhuri. Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia kabila ni damu tu, muulize: mbona Wamakonde walitembea?