Kifyatulio na alama za kiwandani katika bunduki za kuwindia

KIFYATULIO ni ulimi mdogo wa chuma uliopindwa, ukaao ndani ya pete chini ya mwili wa bunduki, ambao ukivutwa kwa kidole huachia msumari uipige fataki ya risasi. Katika bunduki za kuwindia, ziwe raifali, ambazo ndani ya mtutu zimechongwa mifuo ya kuizungusha risasi, au bunduki za marisau, ambazo mtutu wake ni laini, kifyatulio ni shahidi wa kwanza wa asili ya silaha na wa matakwa ya yule aliyeiagiza kiwandani. Walakini ni shahidi asiyetosha peke yake, kwa kuwa hubadilishwa kwa urahisi, na mwenye kutafuta yakini sharti aulinganishe ushahidi wake na alama nyingine.

Wengi hudhani kwamba vifyatulio viwili ni dalili ya mitutu miwili. Katika bunduki ya marisau ya mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu ndivyo ilivyo: aghalabu kifyatulio cha mbele hufyatua mtutu wa kulia, na cha nyuma hufyatua wa kushoto, ambao hubanwa zaidi mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi. Aliyetaka kifyatulio kimoja cha kuitumikia mitutu yote miwili alikipata kwa gharama zaidi; na miongoni mwa vilivyosifika ni kile cha John Robertson wa nyumba ya Boss & Co. ya London, kilichobuniwa mwaka 1894.

Katika raifali ya mtutu mmoja, vifyatulio viwili vina maana nyingine kabisa, na mfano wake bayana ni Mannlicher-Schönauer ya mwaka 1903, iliyotengenezwa Steyr, nchini Austria. Mnunuzi alihiyarishwa baina ya kifyatulio kimoja cha kawaida na jozi ya vifyatulio vya kutegwa. Katika jozi hiyo, kile cha nyuma hakifyatui risasi, bali hutega. Kikivutwa husikika mlio mdogo, na tangu hapo kile cha mbele huitika kwa mguso hafifu mno, ilhali kisipotegwa huhitaji kuvutwa kwa nguvu za kawaida. Baina ya viwili hivyo hukaa skrubu ndogo ya kupimia wepesi huo.

Alama nyingine za bunduki hiyo ni mkono wa komeo (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ulio bapa, unaopita katika ufa wa daraja la nyuma; magazini ya risasi tano iliyobuniwa na Otto Schönauer, ambayo huzunguka ndani ya mwili; na, katika ile fupi yenye mtutu wa sentimita 45, mti wa kushikia uliofika hadi mdomoni mwa mtutu. Mwaka wa kila namna ya bunduki hiyo huoana na kipimo cha risasi: 1903 kwa milimita 6.5, 1905 kwa 9, 1908 kwa 8, na 1910 kwa 9.5. Risasi ya 6.5 ni miongoni mwa alizozitumia Mskoti W. D. M. Bell katika kuwinda tembo.

Kadhalika husomwa mihuri ya majaribio, ambayo ni ithibati kwamba mtutu umestahimili baruti zaidi ya kiasi cha kawaida: chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipata hati yake mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813; nyumba ya Vienna nayo ilipiga muhuri wa herufi NPv.

Elimu hii haiwahusu wakusanyaji peke yao. Aliyezoea bunduki ya marisau, akishika Mannlicher yenye risasi na kuvuta kifyatulio cha nyuma, atasikia mlio mdogo tu, akadhani imeshindwa kufyatuka, kumbe mkononi mwake ameshika silaha iliyotegwa, ambayo mguso mdogo waweza kuilipua. Kwa hiyo, kabla ya kuchunguza alama yoyote, bunduki huelekezwa upande ulio salama, hufunguliwa, na risasi zote hutolewa.