Kompyuta ya zamani imegoma kuwaka? Usikubali kufomati haraka!

Wadau, mashine za Windows XP bado zipo mitaani, ingawa Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 8, 2014. Ikigoma, mafundi wengi watakwambia "tufomati tu". Subiri kwanza! Ukifomati, CV, picha na kazi zako zote kwaheri. Jaribu hivi:

1. Inalia krr-krr ndani? Diski inakufa. Izime, usiiwashe-washe, mpelekee fundi akutolee mafaili.

2. Chomoa flashi, toa CD na disketi, washa upya. "NTLDR is missing" mara nyingi ni mashine kutafuta Windows mahali isipokuwepo.

3. Saa na tarehe zinarudi nyuma? Betri ndogo ya kwenye mazabodi imekwisha. Nyingi hutumia CR2032, badilisha.

4. Washa huku unabonyeza-bonyeza F8. Chagua "Last Known Good Configuration", ikigoma jaribu "Safe Mode". Ukiingia tu, nakili mafaili.

5. Bado? Washa kwa CD ya Linux inayofanya kazi bila kuinstoliwa, uhamishie mafaili kwenye flashi.

Yakishakuwa salama, hapo sasa fundi afomati anavyotaka.