Mti Uliotutoka Bila Matanga

Huku Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, siku ya kupanda miti tunaulizwa kitu kimoja: mmepanda mingapi? Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Poa. Lakini kuna mti unaitwa Karomia gigas, na historia yake inauliza swali lingine: miti gani?

Wanasayansi waliujua mara ya kwanza Pwani ya Kenya, 1977. Baadaye ukakatwa. Hakuna aliyeulilia. Ilidhaniwa umeisha duniani, hadi 1993 ulipoonekana Tanzania. Mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapata sita. Sita tu, wasee! Na mbegu zake zinashambuliwa na ukungu, hadi zingine zikapelekwa Missouri, Marekani, zijaribiwe kuoteshwa huko.

Sasa piga hesabu: hata upande mikaratusi milioni moja, hutapata Karomia mmoja. Kwa hivyo msimu wa mvua wakikuletea mche mtaani, usihesabu tu. Uliza ni wa aina gani. Na uulize ile miti ya kwetu inayokaribia kuisha, nani anaiotesha?